Mtoa Damu Asile Kitu

Ninayaandika haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Amelala hospitalini, ameambiwa atatiwa damu tena, na damu ya kwanza ilimgeukia. Anaiona chupa ikiletwa na moyo unamwenda mbio, wala hakuna wa kumwelewa, maana wodi nzima inaiona chupa ile kuwa ni uhai. Mimi namwelewa. Kitanda hicho nimekilalia.

Kwanza anijue, asije akadhani anasimuliwa na mtu wa porojo. Mimi ni mtoto wa mkulima wa milima hii ya Usambara. Niliteremka kwa miguu hadi Mombo nikiwa na sanduku la mbao kichwani, nikapanda gari la moshi bila mtu wa kuniaga. Nilisoma hadi Uganda, nikarudi na diploma ya kilimo, na katika upande wetu wote hakuna aliyewahi kuwa nayo kabla yangu. Nimeitia fremu ya kioo, imetundikwa sebuleni. Mgeni huiona kabla hajaona kiti. Nilirudi na suti, baiskeli, saa ya mkononi, na Kiingereza ambacho Bwana DC alikisifu mbele ya watu. Hakuna aliyenisomesha. Nilijisomesha.

Serikali ikanipa kazi ya Bwana Shamba huku kwetu, niwahimize watu kuchimba matuta kwenye miteremko ili mvua isizoe udongo. Matuta hayakupendwa. Migongo iliyoinama kuyachimba ilikuwa ya watu, na aliyesimama juu na fimbo ya kupimia nilikuwa mimi. Nayataja kwa sababu yaliniandama mpaka kitandani.

Tumbo lilikuwa likiniuma tangu chuoni, nami nililizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Halafu, vuli ilipoanza kunyesha, choo changu kikawa cheusi kama lami. Sikumwambia mtu. Siku moja nikiwa shambani kwa watu, fimbo ya kupimia mkononi, kilima kikainuka chote kikanijia usoni. Nilipozinduka nilikuwa juu ya machela, nimebebwa na walewale niliokuwa nikiwahimiza. Tulipofika kwenye mteremko mkali, penye utelezi, mmoja wao akasema, "Bwana Shamba, jishike vizuri. Hapa hakuna tuta la kukuzuia." Wakacheka hadi machela ikayumba. Nami nilicheka, kwa kadiri mtu asiye na damu anavyoweza kucheka.

Kwenye benchi la hospitali ya misheni nilipata nafasi ya kujitazama. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe. Kucha zilikuwa kama za maiti. Mke wangu Naemi aliniegemeza begani kwake, akawa anaifunga saa yangu mpaka tundu la mwisho la mkanda, na bado ilizunguka kwenye kifundo. Mbele yetu kulikuwa na akina mama wenye watoto wa homa, na mzee mmoja mwenye kidonda mguuni. Mzee akanitazama, akawaambia watu wa mbele, "Mpisheni huyu. Mimi kidonda changu kina subira." Wakatupisha. Sikulijua jina lake.

Daktari, Mzungu mrefu asiyesema sana, akasema kidonda cha tumboni kinavuja, natakiwa kutiwa damu. Damu hutolewa na ndugu. Shemeji yangu Yohana, kaka yake Naemi, akajitolea. Dresa, msaidizi wa daktari, akachanganya matone ya damu yetu juu ya kipande cha kioo, akatazama, akasema zinapatana.

Asubuhi ile Mama alikuwa amekwisha kumlisha Yohana. Ni desturi yetu: hatuchukui kitu kizito kwa mtu mwenye njaa. Hata anayekuja kukusaidia kulima hula kwanza, akashiba, ndipo ashike jembe. Sembuse anayetolewa damu? Mama alimpikia ugali na mboga, akakaa mbele yake mpaka sahani ikatakata.

Chupa ikatundikwa. Damu ikateremka kwenye mpira, ikaingia mkononi, baridi. Haukupita muda nikaanza kuwashwa chini ya mkanda wa saa. Nikajikuna. Kisha shingoni, kisha mgongoni, kisha kila mahali, kama mtu aliyelala juu ya upupu. Naemi akafunua shuka, akaona mabaka yameumuka mwili mzima. Midomo ikawa mizito. Daktari akaisimamisha chupa, akanidunga sindano, tukangoja. Mabaka yakalala. Tumbo nalo likaacha kuvuja kwa wakati ule, nikarudishwa nyumbani.

Mama alikuwa na maelezo yake. "Damu ya ukweni," alisema. "Damu ya ukweni hukaa mwilini kama mgeni."

Naemi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Tangu siku ile alianza kuninyooshea sahani kwa mkono mmoja, na watu waliooa wanajua maana yake.

Nilipona nusu. Nilipanda baiskeli tena, ingawa kwenye kilima niliisukuma nikisingizia kuangalia mashamba. Krismasi ikapita. Katika kiangazi, jua likiwa kali na migomba imelegea, choo kikawa cheusi tena.

Safari hii Mama akasema itumike damu ya ukoo. Baba mdogo Zakaria, mdogo wake marehemu baba, akaja. Mama akamlisha mpaka akalegeza mshipi. Kioo cha dresa kikasema zinapatana. Nilikuwa na wasiwasi, lakini nilijiambia kwamba mwenye diploma haogopi chupa.

Damu ilikuwa haijateremka sana nikahisi kifua kinafungwa kamba. Hapakuwa na kuwashwa kwanza, hapakuwa na onyo. Ulimi ukajaa mdomo mzima. Nilivuta pumzi, ikaingia ikipiga mluzi kama upepo kwenye ufa wa mlango. Nilitaka kusema, "Toeni," na sauti haikuja. Niliiona damu ikiendelea kuteremka, tone kwa tone, bila haraka, wala sikuweza kuinua mkono.

Naemi ndiye aliyeona. Hakumwita mtu kwanza. Aliubana mpira kwa vidole vyake, akaukunja, ndipo akapiga kelele. Sauti yake ndiyo niliyoondoka nayo. Niliporudi, moyo ulikuwa unanipiga kama ngoma kwa sababu ya sindano waliyonidunga, na Naemi alikuwa bado ameushika mpira ule, ingawa dresa alishautoa mkononi mwangu zamani.

"Uachie," dresa alimwambia. "Mama, uachie sasa."

Kwa wewe uliyepitia hayo, najua yanayofuata. Nilirudi nyumbani nikiwa hai lakini sina amani. Mbu akiniuma nilikaa kitako, nikasubiri kuona kama mabaka yataenea. Mkanda wa saa niliuacha, maana kila ulipokwaruza nilihisi ndiyo mwanzo. Nilimwomba Naemi aifiche kanga yake nyekundu. Nilijipima pumzi nikila, nikisali, nikizungumza na wakubwa.

Huku nje, habari ilikwisha kufika kila soko. Wengine walisema mizimu imeyakataa matuta, na mimi pamoja nayo. Wengine walisema damu ya watu haiwezi kukaa kwa mtu aliyekula jasho la watu. Sokoni Mlalo mwanamke mmoja alimwambia Naemi, bila ubaya, akimpimia viazi, "Mumeo alisema hadaiwi na mtu. Sasa mwili wake umesikia, hautaki cha mtu." Naemi alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Nililala nimegeukia ukuta.

Wakati wa masika daktari alinieleza mambo wazi. Kidonda kimekula mshipa, tumbo lipasuliwe. Bila damu hawezi kupasua. Kwa damu anaogopa. Alisema hivyo hivyo, "Naogopa," nami sikuwahi kumsikia Mzungu akisema neno hilo.

Akauliza, "Kuna chakula usichoweza kula?"

"Karanga," nilisema. "Tangu utoto. Hunivimbisha mdomo."

Kisha akauliza kama ninajua wale waliotoa damu walikula nini.

Hapo ndipo nilipounganisha, mimi mwenyewe, kabla hajaeleza, na mpaka leo najisifu kwa hilo. Nilimgeukia Mama, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango na kikapu chake.

"Mama, Yohana ulimpa mboga gani?"

"Nzuri."

"Nzuri ya nini?"

"Mchicha. Nikauunga kwa karanga, karanga za kutosha, nilizoagiza Mombo. Na Zakaria vivyo hivyo, nikamwongezea. Ulitaka niwape nini, maji? Mtu anatolewa damu!" Kisha akaona uso wangu. "Wewe sijakupa hata punje. Chungu chako nimekitenga tangu unatambaa. Muulize mkeo kama nimewahi kuvichanganya."

Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga, akakaa hivyo mpaka tulipoondoka.

Daktari hakuniahidi kitu. Alisema huenda ni karanga zilizopita katika damu yao, huenda ni jambo jingine mwilini mwangu ambalo hakuna anayelijua. Akataka mtoa damu mpya, asiyegusa karanga kwa siku nyingi, na ambaye siku yenyewe atakuwa ameshinda bila kula. "Huenda itafaa," alisema. Neno hilo, huenda, nilirudi nalo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu.

Sasa nani atoe? Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Watu hawakuogopa kutoa damu. Waliogopa damu yao ndiyo iwe iliyoniua. Nani anataka mazishini anyooshewe kidole, "Ni yake huyo"? Binamu yangu mmoja akapata safari ya Tanga. Mwingine akasema damu yake ni kidogo, ingawa alikuwa mnene kuliko sisi wote. Na yule mmoja aliyekubali alikatazwa na Mama mwenyewe.

"Nimpeleke mtoto wa watu akatolewe damu na njaa?" alisema. "Asubuhi nimtazame akipita mlangoni mwangu bila kula? Watanitukana mpaka kaburini."

"Mama, akila nitakufa."

"Na asipokula atakufa yeye!"

Nilisubiri. Mvua zikapungua, baridi ya milimani ikaingia, ukungu ukawa unashinda migombani hadi mchana. Ramadhani ikaandama. Nilitapika damu, kidogo, kwenye kitambaa, nikarudishwa kitandani hospitalini na kukaa huko. Viatu vyangu havikunitosha tena kwa uvimbe wa miguu. Daktari alipita kila siku akiuliza kwa macho kama mtu amepatikana.

Alipatikana Salehe.

Salehe ni kaka yangu kwa baba, mtoto wa mke wa kwanza. Upande wao ni Waislamu. Upande wetu ni watu wa misheni. Hatukuwa tukizungumza. Alikataa matuta, nami nilimpeleka barazani kama nilivyompeleka mtu yeyote, akatozwa faini. Sheria ilikuwa sheria. Basi nilipomwona amesimama mlangoni mwa wodi, kofia imelowa ukungu, nilidhani amekuja kuniaga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema, akaanza kufungua kikapu kwa mazoea.

"Nimefunga, mama mdogo."

Mkono wa Mama ukabaki ndani ya kikapu.

"Nasikia wanatafuta mtu mwenye njaa," Salehe alisema, akivuta kigoda. "Mimi ninayo, tena ya bure. Nimemuuliza mwalimu wetu. Amesema ni kama kuumikwa, hakuvunji saumu. Nikizidiwa nitafungua, nitailipa siku hiyo baadaye." Akanigeukia, akanisalimu kwa Kisambaa. "Onga mshi, Bwana Shamba. Umekonda. Hata fimbo yako ni nene kuliko wewe."

"Unajua wawili waliotangulia yaliyotokea?" nilimuuliza.

"Najua."

"Nikifa, watasema ni damu yako."

"Watasema nimelipiza faini." Akacheka. "Hawataniona mjinga, basi."

Dresa akachukua matone yetu, akarudi, akasema zinapatana. Sikufurahi. Kioo kile kilikuwa kimekwisha kunidanganya mara mbili. Daktari akamuuliza Salehe daku alikula nini. Ndizi na chai ya rangi. Na karanga? Tangu mwezi uandame hajaziona.

Lakini Mama alisimama kati yetu. Njaa amekubali, alisema, kwa kuwa ni ya Mungu, si ya mlango wake. Kinyongo hakubali. Kwetu mtu mwenye kinyongo hampi mgonjwa kitu mpaka akitoe: huchukua maji kinywani, husema lililo moyoni, huyapuliza kifuani pa mgonjwa. Bila hivyo anachokitoa huenda na kinyongo chake.

"Amefunga, Mama," nilisema. "Hawezi kuweka maji mdomoni."

"Kusukutua hakufunguzi," Salehe alisema. "Kila siku natawadha. Lete maji."

Yakaletwa katika kikombe cha bati cha hospitali. Dresa alitaka kusema jambo, daktari akamzuia kwa mkono.

"Nilikubeba mgongoni kuvuka mto ulipokuwa huwezi kutembea," Salehe alisema. "Ukakua, ukasoma, nikajisifu sokoni kwamba yule ni mdogo wangu. Ukarudi, ukanisimamisha barazani mbele ya wanangu. Hukuja nyumbani kwanza kuniambia, 'Kaka.' Ulinitumia tarishi. Hilo ndilo lililoniuma. Faini haikuniuma." Akachukua funda la maji, akaliviringisha mdomoni, akanipulizia kifuani lote. Yalikuwa ya baridi kali. Akajipangusa kwa mkono. "Limekwisha. Haya, dresa, njoo uchukue."

"Nimesikia, kaka," nilisema. Ndilo jibu letu la desturi, na sikuwa na pumzi ya jingine.

Chupa ikajaa alasiri. Ikatundikwa juu yangu. Safari hii daktari hakuondoka. Kwenye meza ndogo aliweka sinia iliyofunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa kile nilijua kuna sindano iliyokwisha kujazwa. Naemi alisimama upande wa mkono wangu, vidole viwili vikiwa kwenye mpira.

Salehe alikuwa kitanda cha pili. Uso wake ulikuwa wa kijivu, jasho linamtoka katika baridi ile. Sista akamletea chai yenye sukari nyingi.

"Kunywa."

"Bado jua."

"Nimesema kunywa! Utaanguka."

"Nimelala, Sista. Aliyelala ataanguka wapi?" Akaipokea chai, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka kifuani. Hakuinywa.

Tone la kwanza. La pili. Nilisikiliza kifundo changu, mahali pa mkanda wa saa. Nilisikiliza ulimi. Sikio likaniwasha, nikajua yameanza. "Sikio," nilisema. Daktari akainama, akatazama, akaweka mkono kwenye sinia. Naemi akakaza vidole. Tukangoja wote. Ulikuwa ni uzi wa shuka, umechomoka. Naemi akauvuta, akaukata kwa meno, akautupa.

Nilikuwa namtazama Salehe, maana nilishindwa kuitazama chupa. Mvuke wa chai yake ulikuwa umekwisha. Macho yake yalifumba, yakafumbuka. Nikifa, nilifikiri, kikombe kile atakitupa. Nikipona, atakinywa. Mwanga dirishani ukawa mwekundu, kisha wa majivu. Chupa ikafika nusu, ambako haikuwahi kufika. Ikapita nusu. Pumzi yangu iliingia bila mluzi.

Adhana ilisikika kutoka bondeni, nyembamba, ikikatizwa na upepo. Salehe akasema bismillahi, akanywa chai iliyopoa, yote, kwa mkupuo mmoja. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Bwana Shamba, upo?"

"Nipo."

"Haijakuuma?"

"Bado."

"Ina njaa hiyo. Haina nguvu ya kugombana."

Mama akaanza kulia. Naemi, aliyekuwa ameshika mpira tangu alasiri, akatoa mkono mmoja, akamshika bega mkwewe, mkono wa pili ukabaki palepale.

Asubuhi walinipasua. Kovu ni refu na limenyooka. Fundi wa kushona angelisifu. Sijaona choo cheusi tena, ingawa hujiangalia kila siku, na nadhani nitajiangalia mpaka mwisho. Wewe utakayetiwa damu kesho, mwambie daktari vyakula vinavyokudhuru hata asipokuuliza. Uliza mtoa damu amekula nini, na uulize jikoni, si kwake. Mtu wako akae karibu na mpira. Na woga wako usikuaibishe. Mimi nina diploma, na niliogopa uzi.

Salehe hajachimba matuta. Nimekwenda kwake kumwambia, nimekwenda nyumbani kwanza, nimeanza na "Kaka", naye amenikaribisha, tumekula, na hajachimba.

Juzi tulikuwa harusini Mlalo, sinia la karanga za kukaanga likapitishwa. Lilipofika kwangu nililipitisha haraka, wote wanajua. Lilipofika kwa Salehe naye akalisogeza mbele. Baba mdogo Zakaria, mdomo umejaa, akamtania.

"Salehe! Nawe zimeanza kukuvimbisha?"

"Hapana. Nimezifunga."

"Ramadhani imekwisha zamani, wee. Unazifunga mpaka lini?"

Salehe akanyoosha kidole upande wangu, bila kunitazama, akiendelea kunywa chai yake.

"Mpaka huyu afe kwa uzee."